Hela imekwenda wapi? Matatizo ya kununua na kulipa mtandaoni, kama yanavyofika kibandani Mbuyuni

Kama hela imetoka dakika hizi hizi, acha kusoma. Piga 100 kwa laini iliyotuma, au namba iliyoandikwa nyuma ya kadi ya benki. Wape kumbukumbu namba ya muamala, waombe wakizuie kiasi hicho huko kilikokwenda. Tapeli hasubiri kesho, anatoa kwa wakala wakati wewe bado unahadithia majirani. Ukimaliza kupiga, rudi tuendelee.

Mimi ni fundi simu, na dirisha la pili la kibanda changu ni la uwakala. Nipo karibu na soko la Mbuyuni, Moshi, na wateja wangu ni wauza ndizi, madereva wa toyo, walimu, wanafunzi wa chuo, na mameku (wazee wa Kichaga) wanaoshuka kutoka Kibosho na Uru siku za soko. Wenye shida ya pesa karibu wote huanza hivi: "Simu yangu wameihaki." Nikiwakalisha na kuwauliza taratibu, mara nyingi tunakuta hakuna aliyeingia kwenye simu. Mwenye simu ndiye aliyeweka namba ya siri, huku mtu anamharakisha sikioni. Ndiyo maana nina maswali mawili ya kuanzia, kama daktari anavyouliza umekula nini: nani alikupigia kabla ya hapo, na jina gani lilitokea kwenye skrini kabla hujaweka namba ya siri?

Hapa chini nimepanga malalamiko kama ninavyoyasikia. Katika kila moja naanza na sababu ya kawaida, halafu naenda kwenye zile za nadra.

"Nimelipia mzigo wa Kariakoo, mpaka leo haujafika"

Hili linaongoza. Mtu wa Dar akiagiza viatu Instagram, bodaboda anamletea mlangoni, anavijaribu, ndipo analipa. Sisi huku tunaandikiwa, "Mikoani lipia kwanza, tunatuma kwa basi." Kwa hiyo mteja wa Moshi au Arusha anaingia kwenye biashara akiwa ameshatoa kitu pekee alichokuwa nacho cha kumbana muuzaji.

Anza na sababu ya kawaida, tena isiyo na wizi ndani yake: mzigo umefika. Umeandikwa jina la mtumaji badala ya lako, au namba yako imekosewa tarakimu moja, na sasa umelala ofisi ya vifurushi stendi. Nimeshaona mama analia ameibiwa wakati boksi lake lina siku mbili pale stendi kuu. Mwambie muuzaji atume picha ya risiti ya basi yenye tarehe, jina la mpokeaji na namba ya gari. Chukua picha hiyo, nenda dirishani mwenyewe. Usipige namba ya "mtu wa basi" aliyokupa muuzaji, maana anaweza kuwa ni yeye yule na sauti nyingine. Mzigo uliopakiwa Dar jioni tunautegemea hapa kesho yake. Siku ya tatu bila picha ya risiti, anza kuwa na wasiwasi.

Inayofuata ni muuzaji wa kweli asiye na bidhaa. Anakusanya hela za wateja kwanza, halafu anakwenda dukani kununua. Utamjua kwa sababu simu anapokea, ila kila siku ana msiba au mafua. Huyu mbane kwa maandishi: taja siku, taja kiasi, mwambie arudishe kwa namba ile ile uliyolipa. Wengi wa aina hii hurudisha wakiona unaweka kumbukumbu.

Halafu kuna duka la kuiga. Mtu anachukua picha na jina la duka linalojulikana, anaongeza nukta au herufi moja, anaanza kuuza. Kwenye Instagram bonyeza vile vidoti vitatu juu ya ukurasa, fungua maelezo kuhusu akaunti. Kwa akaunti nyingi utaona ilifunguliwa lini na imebadilisha jina mara ngapi. Duka linalojisifu lina miaka saba sokoni huku ukurasa umefunguliwa miezi miwili iliyopita, na maoni ya wateja yamefungwa, liache.

Na mwisho kabisa, hakuna duka wala bidhaa, kuna picha tu.

Mimi mwenyewe nimeliwa 185,000 za vioo vya simu. Aliyenipigia alikuwa mwanamume, duka lina jina la mwanamume, ila kwenye skrini likatokea jina la mwanamke. Nikamuuliza. Akasema, "Huyo ni mhasibu wetu, kaka, usiwe na wasiwasi." Nikaweka namba ya siri. Fundi simu, tena wakala, mtu anayewaonya wengine kila siku!

Tangu hapo sina mjadala na jina. Kabla hujathibitisha, skrini inakuonyesha hela inakwenda kwa nani. Likija jina ambalo hamkuzungumzia, ghairi. Mhasibu, shemeji, laini ya mke, "hii ya kwangu imejaa", yote hayo yasikusogeze. Lipa namba ina nafuu kidogo kwa sababu inaonyesha jina la biashara, lakini usidhani imekuhakikishia mzigo. Hata tapeli anaweza kuwa nayo.

Dawa ninayoiamini ni ya kizamani. Hakuna ukoo wa huku usio na mtu Dar. Mpigie binamu, aende dukani aushike mzigo kwa mkono, wewe ulipe akiwa pale, na umpe nauli na ya soda. Akisema muuzaji anakataa watu wasije dukani, umeshapata jibu. Kwa vitu vidogo, piga kwanza hesabu ya bei ya Kariakoo pamoja na nauli ya basi, ulinganishe na Double Road au na maduka ya Arusha mjini. Mara nyingi tofauti haifiki elfu tano.

Kama ameshakubloki na simu haipatikani, usimtukane kwa namba nyingine, atafuta kila kitu. Piga skrinishoti kwanza: jina la akaunti, mazungumzo yote, tangazo, ujumbe wa muamala. Kisha 100, kisha kituo cha polisi ukafungue jalada upewe RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni. Mtandao wa simu hautakupa wewe taarifa za mwenye laini hata ukipiga magoti, ila polisi wana njia ya kuziomba. Utapeli wa namna hii unaguswa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo usikubali mtu akuambie kituoni kwamba hayo ni madeni yenu binafsi.

"Meseji ya kupokea hela imeingia, salio liko vile vile"

Mama wa mitumba pale Memorial ameuza jaketi la 25,000. Mteja anamwonyesha simu, meseji imeingia, jaketi limeondoka. Jioni anakuja kutoa kwangu, hamna kitu.

Mara chache sana mtandao umechelewa. Mara nyingi meseji ni ya kuandika. Angalia imetoka wapi: ikitoka kwenye namba ya kawaida ya simu, ni ya uongo moja kwa moja, hata kama ndani imeandikwa vizuri na ina kumbukumbu namba. Ila usiishie hapo, maana hata jina la mtumaji linaweza kuigwa. Kipimo ni salio. Fungua menyu yako (Vodacom *150*00#, Airtel *150*60#, Halotel *150*88#) uangalie kilichomo kabla mteja hajaondoka. Foleni ikiwa ndefu, wakae. Meseji iliyoko kwenye simu ya mteja haihusiki hata kidogo, hiyo ni ya kwake.

Kuna sura ya pili yake: hela imeingia kweli, na mtu anapiga analia, "Dada, nimekosea namba, ni ada ya mtoto, nirudishie." Yawezekana ni kweli. Lakini usimrudishie wewe. Mwambie apige 100 auombe mtandao wake uirudishe, na wewe iache hapo hapo bila kuitumia. Ukimtumia kwa mkono wako, halafu mtandao nao ukairudisha ile ya kwanza, umelipa mara mbili. Mtu mwema atakubali kungoja. Anayetukana na kutishia polisi ndiye wa kumwogopa.

Ile ya "hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani" sitaki kuipotezea muda, kila Mtanzania ameshaipokea. Inampata mtu mmoja tu: yule ambaye siku hiyo kweli alikuwa na kodi ya nyumba ya kutuma. Ukiwa na deni la kulipa, mpigie mwenye deni kwa namba uliyonayo tangu zamani.

"Namba ya uthibitisho imekuja, mimi sijaomba"

Tulia. Pengine mtu amekosea namba akijisajili mahali, ikaangukia kwako. Pengine ni wewe uliyebonyeza jana na mtandao ukachelewa. Pengine kuna mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti yako na amekwama mlangoni, na ufunguo ndio huo ulioushika. Katika hali zote tatu tiba ni moja: usimpe mtu, usiijibu, usiiweke popote.

Shida inakuja pale anapokupigia. "Shangazi, nimetuma tarakimu sita kwako kimakosa, nisomee." Tena anapiga kwa WhatsApp ya mtu unayemjua, kwa sababu huyo ameshaporwa kabla yako. Ukimsomea, dakika hiyo hiyo WhatsApp yako inahamia kwake, na kitu cha kwanza atakachofanya ni kuingia kwenye kundi la kikoba na kuandika kwa sauti yako ya upole, "Jamani, nimekwama hospitali."

Ikishatokea, fuata mpangilio huu, usiruke:

1. Wapigie simu ya kawaida mwenyekiti wa kikoba na ndugu wawili watatu, watangaze kwenye makundi kwamba siyo wewe. Hii kwanza, kwa sababu hela inayoibiwa saa hiyo ni ya wenzako.
2. Fungua WhatsApp kwenye simu yako, ingiza namba yako upya, uombe namba ya uthibitisho. Ukiingia, yeye anatolewa.
3. Ikikudai namba ya siri ya hatua ya pili ambayo hukuiweka, ameiweka yeye. Utasubiri siku 7 ndipo uweze kuingia bila hiyo. Hata hivyo hatua ya 2 imeshamtoa nje, kwa hiyo hukupoteza juhudi.
4. Ukiingia, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, ondoa usichokijua. Halafu weka uthibitishaji wa hatua mbili wa kwako.

Hatua ya 4 ukiifanya leo, bila kuibiwa, huenda hizo tatu za juu usizihitaji kamwe. Inachukua muda mfupi kuliko chai kupoa.

"Laini imekufa ghafla, haina mtandao"

Wanaokuja na hili wengi hawajaibiwa chochote, ila nalichukulia kwa uzito kwa sababu ya yule mmoja.

Kwanza uliza jirani mwenye mtandao kama wako. Naye akiwa hana, mnara umeanguka, nendeni mkanywe mbege. Yeye akiwa nao, zima simu, toa laini, ipanguse, irudishe. Bado? Ijaribu kwenye simu nyingine. Ikishika huko, tatizo ni simu yako, na hapo karibu kibandani.

Isiposhika popote, azima simu upige namba yako mwenyewe. Ikiita, na ya kwako iko mezani imekufa, kuna mtu ameichukua namba yako kwenye laini nyingine. Hapa acha kuhangaika na fundi. Azima simu ya mtu wa mtandao ule ule, piga 100, mwambie afunge laini na akaunti ya pesa. Kisha piga benki wafunge huduma ya simu, maana namba za uthibitisho za benki sasa zinaingia kwake. Ndipo uende duka la mtandao lenyewe, siyo kwa kijana wa mwavuli anayesajili laini barabarani, ukiwa na namba yako ya NIDA na vidole vyako.

Na kuhusu vijana wa mwavuli: wengi ni waaminifu, ila wapo wanaosema, "Kidole hakijasoma, weka tena," mara tatu, na mara ya pili imesajili laini nyingine kwa jina lako. Piga *106# ufuate menyu uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Meku mmoja kutoka Uru alikuta nne, yeye ana simu moja ya tochi. Usizozijua kazifute kwenye duka la mtandao husika, kwa sababu zikitumika kutapeli, wa kwanza kutafutwa ni mwenye kitambulisho.

"Benki imekata hela nisiyoijua"

Kabla ya kusema wizi, kumbuka majaribio ya bure. Uliweka kadi kwenye huduma ya filamu au programu ya picha, siku zikaisha, ikajilipia. Hiyo ndiyo sababu ninayoikuta mara nyingi. Angalia jina la mfanyabiashara kwenye taarifa ya benki, kisha fungua sehemu ya malipo na usajili kwenye akaunti yako ya Google au Apple. Kama una mtoto anayecheza gemu kwenye simu hiyo, muulize kwa upole.

Kiasi kikizidi kidogo tu bei uliyoiona, ni ubadilishaji wa dola na makato ya benki. Muamala mmoja ukionekana mara mbili, huenda mmoja ni wa kushikilia tu na utaachiwa wenyewe.

Ukiona muamala mdogo wa ajabu kutoka nchi usiyoijua, usiupuuze kwa sababu ni mdogo. Wenye kadi za wizi huonja kwanza. Funga kadi muda huo huo kwenye programu ya benki au kwa simu, kisha nenda tawini ukajaze pingamizi la muamala kwa maandishi. Lina muda wake, kwa hiyo usikae nalo mpaka mwisho wa mwezi. Benki ikikuzungusha, Benki Kuu ina dawati la malalamiko na ina tawi Arusha, ila watakuuliza kwanza kama ulilalamika benki yako, kwa hiyo tunza nakala.

Kwa manunuzi ya nje mimi natumia kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye menyu ya pesa za simu. Naweka kiasi cha kitu ninachonunua, basi. Anayeiba namba zake anakuta shilingi mia nne.

Wenye nyumba za wageni na kampuni za safari Arusha nao wana lao: mgeni analipa kwa kadi zaidi ya bei, anaomba tofauti umtumie dereva wake kwa simu. Kadi ni ya wizi. Mwenyewe akipinga, benki inachukua yote, na zile ulizomtumia "dereva" hazirudi. Rudisha tofauti kwenye kadi ile ile iliyolipa, au usirudishe.

"Nilibonyeza linki" au "nilipakua programu waliyonitumia"

Kubonyeza tu, mara nyingi hakujaleta madhara. Swali ni ulifanya nini baada ya hapo.

Kama uliandika neno la siri, libadilishe sasa hivi ukitumia simu nyingine, na popote pengine ulipotumia neno hilo hilo. Ile kufuli ndogo kwenye anwani isikupumbaze: inasema tu njia kati yako na tovuti imefungwa, haisemi aliyeko upande wa pili ni mwaminifu.

Kama uliweka faili la APK (programu isiyopitia Play Store) lililotumwa kwa WhatsApp, au programu ya kumwonyesha "mtu wa huduma kwa wateja" skrini yako, zima data na Wi-Fi kwanza. Fungua mipangilio, angalia programu zenye ruhusa ya ufikivu (Accessibility) na ya kusoma meseji. Usiyoijua iondolee ruhusa, kisha ifute. Ikikataa kufutika, au skrini inajibonyeza yenyewe, usiingie benki kwa simu hiyo tena.

Programu za mikopo ni jamaa zao. Ulikopa elfu thelathini, sasa wanampigia mama mkwe. Walizipata namba siku ulipokubali wasome majina kwenye simu. Ondoa ruhusa hiyo, hata kama ni kwa kuchelewa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni, na ni vizuri kuangalia kama yako imo. Kutangaza deni lako kwa watu wengine kunaweza kulalamikiwa pia kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa sheria ya mwaka 2022. Ila deni halali bado ni deni, usinitaje mimi.

Sasa neno kuhusu sisi mafundi. Fundi akikuambia dawa ni kufuta simu yote, ni kweli kwa programu mbaya. Lakini kama hela imeshaibiwa na unakwenda polisi, usiifute kwanza. Meseji, programu yenyewe na saa ya kila kitu ni ushahidi, nami nikishabonyeza siwezi kuurudisha. Waache polisi waione, kisha njoo.

Na ukishafungua RB, tegemea simu moja zaidi. Mtu atajua jina lako na kiasi ulichopoteza, atajiita wa kitengo cha mtandao, atasema hela imepatikana Dodoma, inataka 30,000 ya kufungulia. Ni yule yule wa mwanzo, au amemuuzia mwenzake namba yako. Kata, kisha iripoti namba yake kupitia 15040, namba ya kuripoti matapeli.